Mjomba Kanipa Gari na Vyote Vilivyomo

Mjomba wangu wa Ngamiani hana mkono wa birika. Kwa hiyo aliposema barazani, baada ya Isha, kwamba ananipa IST yake, wazee wa kahawa hawakushangaa hata kidogo. "Namwachia mpwa wangu gari hili na vyote vilivyomo," akatamka, mkono kifuani. Dua ikasomwa. Nikaitikia amina kwa sauti kuwashinda wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hapendi mambo ya mdomo. Kesho yake nikaenda kwa wakili. Akaniambia zawadi nayo ina makaratasi: hati ya zawadi, TIN ya anayetoa na ya anayepokea, na kadi halisi ya gari. Bila hiyo kadi, TRA nisijisumbue.

"Shikamoo mjomba. Naomba kadi."

"Marahaba. Kadi ipo mahali salama."

"Salama wapi?"

"Salama kuliko hapa nyumbani."

Mjomba mtu haulizwi mara tatu. Nikanyamaza, nikanunua makava ya viti.

Jumamosi moja tukawa tunakwenda Muheza kwenye harusi. Nyuma nimempakia mama, mkaza mjomba na shangazi mmoja mwenye mwili wa baraka. Mbele kakaa sinia la vitumbua, maana shangazi alisema vitumbua havitaki kubanwa. Pongwe tukasimama kununua maji. Kurudi, nawasha, kimya. Nawasha tena, kimya kabisa, hata kukohoa hakuna.

Nani kasema Pongwe hakuna mafundi? Kila aliyepita alikuwa fundi. Wa kwanza akasema betri. Wa pili akasema pampu ya mafuta, akanusa tangi kuhakikisha. Kijana wa bodaboda akasema gari limeonewa kijicho, na kwa vile lilikuwa limeng'arishwa vile, mama akaona hilo ndilo la maana. Hatimaye akaja fundi wa kweli. Akalala chali chini ya dashibodi, akatoka na uso wa daktari. "Bro, humu kuna kidude kimefungwa. Nikikate?"

Nikampigia mjomba, nikaweka spika ili wote wasikie.

"Asikate chochote!" akapaza sauti. Kisha akatulia. "Leo tarehe ngapi?"

"Tano."

"Aa. Basi ni wao."

"Kina nani, mjomba?"

"Wenye kadi."

Ndipo siri ikafumuka, mbele ya mkewe, mbele ya dada yake na mbele ya mafundi wote wa Pongwe. Mjomba alikuwa amekopa kwa dhamana ya kadi ya gari. Mikopo hii gari unabaki nalo, lakini kadi wanalala nayo wao, na wanakufungia GPS yenye uwezo wa kulizima gari ukichelewesha rejesho. Mkaza mjomba hakusema neno. Alichukua kitumbua, akala, akachukua kingine. Harusini tulifika kwa daladala, sinia limepungua sana.

Jioni nikashtaki barazani. Mwenyekiti akawa mzee mmoja karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kukubali kwamba kastaafu.

"Mjomba kanipa gari, hakunipa deni," nikajitetea.

"Alisema gari na vyote vilivyomo," akasema karani. "Uliitikia amina, hukuitikia?"

"Deni halimo ndani ya gari, mzee wangu!"

Mjomba akashusha kikombe cha kahawa. "Kile kidude kimo wapi?"

"Chini ya dashibodi."

"Basi limo."

Baraza zima likacheka, kesi ikafungwa. Hukumu gani hiyo, mimi mpaka leo naikatia rufaa kichwani. Lakini gari nalihitaji, na kampuni haiachii dhamana mpaka deni liishe. Nikalipa. Miezi yote hiyo mshahara wangu ulikuwa unapita kwangu kunisalimia tu.

Rejesho la mwisho lilipoingia, nikampakia mjomba mpaka ofisini kwao. Kadi hawampi mtu ila mwenye jina, na jina lilikuwa lake. Akaingia peke yake, kanzu imepigwa pasi. Mimi nikabaki nje na hati ya zawadi mkononi, nimeshamlipa wakili.

Akachelewa. Alipotoka alikuwa anatabasamu, kashika bahasha nene kuliko kadi yoyote niliyowahi kuiona.

"Wamenisifu sana, mpwa wangu. Wanasema katika wateja wao wote, hakuna anayelipa vizuri kama mimi. Wameniongezea."

Nikashindwa hata kuuliza. Akafungua bahasha, akachomoa noti ya elfu kumi, akanikunjia kiganjani.

"Weka mafuta. Mjomba wako si mchoyo."