Vita vya Angola havikuwa vya Waangola peke yao
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba vita vya Angola vilitokana na chuki za kikabila, dai ambalo kwa sehemu kubwa sikubaliani nalo. Ni kweli kwamba wapigania uhuru wa vyama vitatu, MPLA, FNLA na UNITA, walikwisha kufarakana kabla ya uhuru wa Novemba 1975, lakini ugomvi wao usingefikia kiwango kile bila silaha za Wasovieti na askari wa Cuba upande wa MPLA, na fedha za Marekani pamoja na jeshi la makaburu wa Afrika Kusini upande wa FNLA na UNITA. Mwaka 1986 Marekani ilimpa Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, makombora ya Stinger ya kutungulia ndege, ilhali kule Cabinda, jimbo la Angola lenye mafuta, askari wa Cuba walikuwa wakilinda mitambo ya mafuta ya kampuni ya Kimarekani, ambayo malipo yake yaliisaidia serikali ya MPLA mjini Luanda kugharimia vita hivyo hivyo. Anayetafuta itikadi hapo, sijui ataipata wapi. Hata hivyo, hoja moja ya mwandishi naikubali: mataifa makubwa yalipojitoa, Savimbi aliendelea kupigana kwa fedha za almasi hadi alipouawa Februari 2002.