Mwani wa Majitaka ya Viwandani: Nani Atauvuna?

Neno mwani likitajwa, wengi wetu huwaza akina mama wa Paje na Jambiani wakifunga mbegu kwenye kamba maji yakiwa yamekupwa. Mwani unaozungumziwa hapa ni wa namna nyingine: viumbe vya chembe moja kama Chlorella na Scenedesmus, ambavyo kimoja kimoja havionekani bila hadubini, lakini vikizaana kwa mamilioni huyageuza maji kuwa ya kijani. Wanaoutetea wanasema kwamba kiwanda kinaweza kuukuza ndani ya majitaka yake, ukayasafisha, kisha ukauzwa. Sehemu ya kwanza ya dai hilo ina msingi imara. Ya pili ndiyo inayonitia shaka.

Majitaka ya kiwanda cha minofu ya sangara yana damu, mafuta na vipande vya nyama, na kwa hiyo yana nitrojeni na fosforasi kwa wingi, virutubisho vilevile ambavyo vikifika Ziwa Viktoria hunenepesha magugu maji. Mwani hula virutubisho hivyo. Bakteria huozesha uchafu na kutoa hewa ya ukaa, mwani huitumia hewa hiyo kwa msaada wa jua, na oksijeni unayoitoa hurudi kuwahudumia bakteria. Katika mitambo ya kawaida oksijeni hupulizwa kwa mashine, na mara nyingi kazi hiyo hula karibu nusu ya umeme wote wa mtambo. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliendeleza mabwawa yenye kina kifupi, kama sentimita 30, ambamo gurudumu la makasia huyazungusha maji taratibu ili kila chembe ipate mwanga. Kwetu ushirika huu si mgeni: mabwawa ya Dandora, yanayopokea majitaka ya Nairobi, yanautegemea pia, ila mwani wake hauvunwi.

Kuvuna ndiko kunakotenganisha maabara na kiwanda. Tuchukue kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 za majitaka kwa siku. Maji yakikaa bwawani siku 6 kwa kina cha sentimita 30, eneo linalohitajika ni hektari 2, karibu ekari 5, na si kila kiwanda kilichobanana mjini kina nafasi hiyo. Tuseme kila lita ya maji ina miligramu 300 za mwani, kiasi cha kawaida katika mabwawa ya wazi. Basi kila siku kuna kilo 300 za mwani mkavu zilizotawanyika ndani ya tani 1,000 za maji. Chembe zake ni ndogo mno kwa chujio la kawaida, na mashine za kuzungusha kwa kasi hula umeme mwingi. Shabu huzigandisha zikazama, lakini aluminiamu yake hubaki ndani ya tope. Asiyevuna naye hajasalimika, kwa sababu Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za chembe zinazoelea kwa lita moja ya maji yanayomwagwa katika mazingira. Mwani wenyewe ni mara kumi ya hapo. Kiwanda kitakuwa kimeondoa uchafu mmoja na kumwaga mwingine.

Watetezi hujibu kwamba mauzo yatalipia gharama za kuvuna. Yapi? Mafuta ya gari yalijaribiwa kwa muda mrefu: Wizara ya Nishati ya Marekani ilifadhili utafiti huo kuanzia 1978 hadi 1996, ukasitishwa bila bei yake kuweza kushindana na ya petroli. Chakula cha kuku na samaki kina soko, lakini hapo tunarudi kwenye chanzo cha maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, walionyesha kwamba spirulina, jamii ya ile inayoliwa na heroe wa Nakuru, hustawi hata katika mabwawa ya kiwanda cha ngozi. Kustawi si sawa na kulika. Mwani hunasa metali nzito kwenye kuta za chembe zake, jambo ambalo watetezi hulisifu, na kwa upande wa maji wana haki. Ila kromiamu, metali inayotumika kuchakata ngozi, haiozi, hivyo inachofanya ni kuhama kutoka majini kuingia katika kile tunachotaka kumlisha kuku. Viwanda vya nguo vina kikwazo cha awali zaidi: rangi huziba mwanga.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye viwanda vya minofu, maziwa na bia vyenye ardhi ya kutosha, na hesabu ningeipiga kwa umeme wa kupuliza hewa uliookolewa na virutubisho visivyofika ziwani. Mwani utakaovunwa uingie kwenye mtambo wa bayogesi, na masalia yake yapelekwe shambani baada ya kupimwa. Fedha ya mauzo ningeiandika sifuri mpaka mnunuzi apatikane. Kwa viwanda vya ngozi, kromiamu itenganishwe ndani ya kiwanda kabla tone la kwanza halijafika bwawani.