Mkulima wa Hombolo na majibu ya nchi za baridi

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, akitafuta mtandaoni namna ya kupogoa, sehemu kubwa ya anachoonyeshwa iliandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali: subiri mzabibu ulale, pogoa baridi inapoisha, vuna mara moja kwa mwaka. Dodoma mzabibu haulali. Unavunwa mara mbili, na anayekosea kalenda ya kupogoa hukutwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, mvua zikianza.

Kampuni kubwa za mitandao husema humpa kila mtu kinachomfaa. Lakini kipimo chao ni alichobofya na alichokitazama kwa muda mrefu, kwa sababu matangazo ndiyo yanayowalipa. Mkulima huyu anahitaji kuona alichokijaribu mwenzake wa Mpunguzi na alichokiandika mtafiti wa TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo.

Mitandao iliyogatuliwa, yaani isiyoshikwa na kampuni moja, ingeweza kumpa hayo, lakini hueleweka vibaya, kana kwamba ni mchezo wa mafundi wa kompyuta. Kila taasisi au kikundi huwa na seva yake (kompyuta inayohifadhi na kusambaza taarifa) na kanuni zake, na seva hizo huzungumza, kama vile barua pepe ya Gmail inavyofika Yahoo bila kuulizana. Lugha ya pamoja ya mazungumzo hayo, ActivityPub, iliidhinishwa Januari 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, na mtandao wa kijamii wa Mastodon huitumia. Unachagua watu wa kuwafuata, na wanachokisambaza hukufikia kwa mpangilio wa muda. Anayekuchagulia cha kusoma ni mtu unayejua anafanya kazi gani.

Wanaopinga wana hoja, na ya uwajibikaji ni nzito. Mtu akisambaza kipimo kibaya cha dawa ya ukungu, nani atakifuta usiku huo? Seva nyingi za Mastodon huendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea. Mwendeshaji akichoka, kumbukumbu za wanachama ziko hatarini. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili. Kwa kikundi kidogo cha wakulima, huo ni mzigo.

Hata hivyo, gharama ya kubaki tulipo haihesabiwi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Fikiria maana yake hapa, mamia ya kilomita kutoka pwani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayemtumia notsi kwa WhatsApp mwenzake wa chumba cha pili huzipitisha kwenye seva za Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, ambazo haziko Dodoma. Ukuta mmoja unawatenganisha, lakini faili linategemea mitambo ya mbali. Notsi hizo zingekuwa kwenye seva ya chuo, zingepita kwenye mtandao wa ndani, kebo iwe nzima au imekatika. Tulizungumza siku zile juu ya kasi ya intaneti, tukasahau kuuliza kwa nini vitu vya jirani vizunguke hivyo.

Kwa hiyo mzigo wa kuanza usiwekwe kwa wakulima. UDOM ina wataalamu wa kompyuta na wakutubi, Makutupora ina watafiti wa zabibu. Taasisi hizo mbili zikiweka seva zilizounganishwa, zenye wasimamizi wanaolipwa mshahara, swali la nani atafuta kipimo kibaya cha dawa litapata mtu wa kulijibu, na vikundi vya Hombolo vitajiunga bila kununua hata waya mmoja.