Katapila kwa moto wa msitu: liende kwenye kinongo, lisiende maweni

Kaskazi ikishakausha majani, Januari na Februari, moto hutoka kwenye tanuri la mkaa, kwa mrina asali au kwenye konde iliyochomwa bila ya kulindwa, ukaingia msituni. Na kila ukiingia hutoka shauri lile lile: liletwe katapila. Kwa magharibi ya Unguja, penye udongo wa kina, yaani kinongo na kichanga, shauri hilo tunaliunga mkono. Kwa mashariki na kusini, maweni, penye mawe matupu na udongo kidogo, tunalipinga. Pemba lina masharti yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Katapila halizimi moto, linaunyima chakula. Sepeto, lile bamba la chuma la mbele, linakwangua nyasi, majani makavu na mizizi ya juu mpaka udongo mtupu utokee. Wazima moto wa misitu wa Marekani hupima kwa urefu wa ndimi za moto. Zikiwa chini ya mita 1.2, watu wenye majembe na reki wanaweza kuukabili moto usoni. Baina ya mita 1.2 na 2.4 watu waondoke usoni, hapo ndipo mahali pa mashine. Zikipita mita 2.4 moto huanza kupanda mitini na kutupa cheche mbele, na zikipita 3.4 kuukabili usoni ni kupoteza dereva bure. Kwetu kuna minazi, na kuti kavu linalowaka hupaa na upepo likavuka njia yoyote uliyokwangua. Kwa hiyo mwenye kusema "katapila likifika tumesalimika" hajui moto wa kaskazi.

Kwenye kinongo na kichanga cha kina, kazi hufanyika hivi. Dereva anaanzia mahali ambapo moto hauwezi kumzunguka kwa nyuma: barabara ya lami, ufukwe, au eneo lililokwisha kuungua. Kutoka hapo anafuata ubavu wa moto, haendi kusimama mbele yake. Upana wa njia usipungue mara moja na nusu ya kimo cha vichaka. Kichaka cha mita 2 kinataka mita 3, karibu na upana wa sepeto la katapila la kati, na upepo ukiwa mkali apite mara mbili.

Taka ambazo hazijaungua zisukumwe upande wa nje, mbali na moto. Hili ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kusukuma taka kuelekea motoni kunaonekana ni akili. Matokeo yake unaupa moto kuni kavu pembeni mwa njia yako, pale pale ulipotaka ufe. Na rundo likichanganyika na udongo hufukuta ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, watu wakishakwenda zao upepo unageuka na linawaka upya. Marundo yafumuliwe, yatandazwe.

Asiwepo mtu kwa miguu ndani ya mita 30 mbele ya mashine wala mita 15 nyuma yake. Dereva yuko juu, moshi umemziba, kelele zimemziba, hamwoni kijana aliyeinama kufyeka. Nyuma kabisa wafuate watu wenye mabomba ya mgongoni ya lita 20, reki na mapanga, wakague njia kwa zamu usiku na mchana.

Sasa maweni. Makunduchi, Jambiani, Charawe, Ukongoroni, Kiwengwa: huko udongo umekaa kwenye nyufa za mawe, na mizizi imeingia humo humo. Sepeto halikwangui, linadunda. Likipata mzizi linang'oa na jiwe, halafu linaacha vichaka vimelala juu ya mawe, vimekatika, vinakauka. Hiyo si njia ya moto, ni kuni zilizopangwa. Moto wenyewe nao haupiti juu tu: unashuka nyufani kwenye majani yaliyooza, unakaa, unatokea kwingine. Chini kuna mapango yasiyoonekana, na mashine ya tani 20 ikitoboa paa la pango haitoki kwa kamba. Minyororo nayo inaliwa na mawe kuliko kitu chochote, hasa katapila linapogeuka papo hapo. Benjamin Holt alipojaribu trekta lake la minyororo karibu na Stockton, California, mwaka 1904, alikuwa anatafuta dawa ya ardhi laini iliyokuwa ikimeza magurudumu. Mawe makali hayakuwa shida yake.

Maweni pana njia za miguu za siku zote. Zipanuliwe kwa panga, shoka na msumeno wa mashine mpaka mita 4, majani yafagiliwe, na maji yawekwe tayari kwenye matangi kabla ya Januari. Fedha ya kukodi katapila siku chache inunue mabomba ya mgongoni na viatu vya watu wa shehia. Hilo tunalisema kwa dhati.

Pemba vilima vinashuka ghafla na barabara za ndani ni nyembamba. Katapila lisitumike kukata ubavu wa kilima, lipande au lishuke moja kwa moja, na penye mwinuko mkali lisiende. Ndani ya shamba la mikarafuu lisiingie kabisa. Mizizi inayoulisha mkarafuu iko karibu na juu ya ardhi, ukiikwangua umeuokoa mti usiungue, kisha wewe mwenyewe ukauua kwa sepeto. Kinga ya mikarafuu ni palilio. Msitu wa Ngezi nako, kwenye sehemu zenye majimaji, minyororo itaacha mitaro ambayo msitu hautaiziba karibuni.

Na hata penye udongo mzuri, kuita mashine moto ukiwa umeshawaka ni kuchelewa. Katapila haliendi kwa miguu yake juu ya lami. Linataka lobedi (lori la kubebea mashine nzito), dereva, mafuta ya siku nzima, na likishashushwa mwendo wake ni kilomita kama 10 kwa saa. Maoni yetu ni kwamba kazi yake kubwa iwe Disemba, vuli ikiisha. Ukikwangua Oktoba, mvua za vuli zinaotesha nyasi mpya juu ya njia, na Januari zimekauka zinangoja kiberiti.

Kabla ya kazi, bati la chini ya injini lifunguliwe majani yatolewe, maana majani makavu yaliyolowa mafuta huwaka humo humo. Rejeta ipulizwe kila baada ya saa chache, mipira ya haidroliki ikaguliwe. Minyororo ioshwe kabla ya kuhamia msitu mwengine, isibebe mbegu za magugu. Na kabla ya masika, kila njia iliyokwanguliwa penye mteremko ipigwe matuta ya mshazari ya kutoa maji pembeni, kazi ambayo dereva yule yule anaweza kuimaliza kabla hajalipandisha katapila lobedini.