Mgonjwa wa kikohozi asianzie kwenye CT scan

Wiki iliyopita nilisikia redioni tangazo la hospitali moja binafsi ya hapa Kampala, likiwahimiza wenye homa na kikohozi kwenda kupigwa picha ya CT scan ya kifua, yaani eksirei nyingi ambazo kompyuta huziunganisha kuonyesha mapafu vipande kwa vipande, ili nimonia ya virusi igunduliwe mapema. Jioni hiyo hiyo jirani yangu, mama anayeuza matoke sokoni, alikuja kuniuliza kama auze mbuzi wake wawili ampeleke mwanawe wa miaka mitatu. Mashine sina ugomvi nayo. Kinachonikasirisha ni ahadi inayouzwa pamoja nayo.

Nakubali kwamba CT scan huona mambo ambayo eksirei haiyaoni, hasa ule ukungu mweupe unaotanda pembezoni mwa mapafu yote mawili. Februari 2020, vipimo vya maabara vya korona vilipokuwa haba, mkoa wa Hubei nchini China ulianza kuwahesabu pia wagonjwa waliotambuliwa kwa dalili na picha za mapafu, na zaidi ya 13,000 wakaongezwa kwenye takwimu kwa siku moja.

Lakini siku za mwanzo ndizo ambazo picha hiyo haitegemeki. Katika utafiti wa wagonjwa 121 wa korona nchini China, uliochapishwa mwaka huo huo, wagonjwa 36 walipigwa picha ndani ya siku mbili tangu dalili zianze, na 20 kati yao mapafu yao hayakuonyesha kasoro yoyote. Mtu wa namna hiyo, akiisha kulipa na kuambiwa yuko salama, atarudi nyumbani na kulala chumba kimoja na bibi yake mzee bila wasiwasi.

Na ukungu ukionekana, bado haujasema umeletwa na nini. Utafiti mwingine wa Wuhan, uliohusisha watu 1,014, ulisifiwa sana kwa sababu asilimia 97 ya waliothibitishwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe, walikuwa na dalili kwenye picha. Waliosifu hawakupenda kutaja kwamba robo tatu ya wale ambao PCR haikuwakuta na virusi nao walikuwa na dalili hizo. Huenda baadhi yao PCR iliwakosa, sikatai. Lakini hebu tuilete hesabu hiyo Uganda, ambako daktari anayesoma picha anapaswa kufikiria kifua kikuu, moyo ulioshindwa kazi na kujaza maji mapafuni, na ile nimonia ya Pneumocystis, inayoletwa na kuvu na inayowashambulia wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka. Hiyo ya mwisho hutoa ukungu unaofanana mno na wa virusi, ilhali tiba yake ni dawa ya kotrimoksazoli kwa dozi kubwa, na mgonjwa akicheleweshewa anaweza kufa. Mtu aliyeandikiwa "virusi" kwa kutazama picha tu, bila kupimwa VVU wala makohozi, amewekwa hatarini na kipimo alichokilipia.

Machi 2020 chama cha madaktari wa radiolojia cha Marekani, nchi isiyo na uhaba wa mashine hizo, kilishauri CT scan isitumiwe kuwa kipimo cha kwanza cha korona. Sitaji kwa kirefu mionzi, ambayo ni makumi ya mara ya ile ya eksirei, na kwa mtoto mdogo hilo si jambo dogo.

Nilimwambia mama huyo awaache mbuzi wake. Mhudumu wa afya wa kijiji anajua kuhesabu pumzi: mtoto wa umri ule akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja, ni wa kutibiwa nimonia, na kifua kikivutwa ndani anapopumua, ni wa kukimbizwa hospitali. Kipima oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya asilimia 90, anahitaji oksijeni. Oksijeni ndiyo iliyotupungukia Juni 2021 katika wimbi la pili, na nataka kila kituo cha afya cha daraja la tatu (Health Centre III) kiwe nayo, pamoja na kipima oksijeni kinachofanya kazi, kabla mtu yeyote hajatutangazia mashine nyingine.

CT scan ibaki kwa mgonjwa anayezidi kudhoofika ilhali eksirei haielezi sababu, au anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu. Hapo daktari akiiagiza, nitachangia nauli na gharama bila kuuliza.