Mgeni wa Bluzi Asianzie kwa Robert Johnson

Kila ninapomsikia mtu akiomba kuelekezwa pa kuanzia katika bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani, najua jina litakalotajwa kabla ya mengine yote: Robert Johnson. Sibishi kwamba mpiga gitaa huyo alikuwa mkubwa. Ninachobishia ni mpangilio. Mgeni anayeanza naye hupokewa na mkwaruzo wa santuri za mwaka 1936, sauti nyembamba inayosikika kana kwamba inatoka chumba cha tatu, na Kiingereza cha watu weusi wa Mississippi ambacho hata Wamarekani wengi hukifuata kwa taabu. Mimi nilianzishwa hivyo hivyo. Aliyenishauri alinitakia mema, nami nikasikiliza nyimbo nne kwa heshima, kisha nikaziweka kando kwa miaka kadhaa nikiamini kwamba muziki ule haukunihusu. Miaka hiyo naihesabu kuwa hasara, na sipendi kuona mtu mwingine akiipoteza kwa njia ileile.

Ushauri wangu ni kuanza mahali ambapo rekodi yenyewe haikuzuii kumfikia mwimbaji, kisha kurudi nyuma miaka kidogo kidogo, sikio likizoea. Mahali hapo, kwa maoni yangu, ni ukumbi wa Regal mjini Chicago, usiku wa tarehe 21 Novemba 1964, mwimbaji na mpiga gitaa B.B. King akiwa jukwaani. Albamu iliyotokana na usiku huo, Live at the Regal, ilitoka mwaka 1965, na thamani yake kubwa kwa mgeni ni kwamba wasikilizaji wenyewe wamerekodiwa pamoja na muziki. Unapowasikia wanawake wakipiga kelele kabla mshororo haujaisha, unajua mara moja kwamba hapa pamesemwa jambo wanalolijua majumbani mwao. Katika wimbo How Blue Can You Get, King anaorodhesha yote aliyompa mwanamke ambaye haridhiki na lolote, na anapofika kwenye watoto saba ambao sasa mwanamke huyo anataka kuwarudisha, ukumbi mzima unalipuka. Gitaa lake, alilolipa jina la Lucille, halipigwi wakati anapoimba. Linasubiri amalize, ndipo linajibu, nalo hujibu kwa noti chache sana, kila moja ikitetemeshwa mpaka ionekane inatamka. Mwaka 1974, mwezi Septemba, alilipeleka gitaa hilo Kinshasa katika tamasha lililoandaliwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ambako Franco na Tabu Ley nao walipiga, na Wakongo waliomsikia siku zile hawakuhitaji kuelezwa namna gitaa linavyoweza kuchukua zamu ya mwimbaji.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili atalitambua haraka umbo la bluzi. Ubeti wa kawaida una mishororo mitatu: wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia karibu neno kwa neno, wa tatu unaleta jibu au pigo. Marudio yale humpa mwimbaji nafasi ya kubadilisha uzito wa maneno na humpa msikilizaji muda wa kujiuliza jibu litakuwa nini. Mafumbo pia ni mengi, ya mapenzi hasa, na yeyote anayejua kuusikiliza mpasho wa taarabu atajua kwamba treni, jogoo, au ufunguo ndani ya nyimbo hizi mara nyingi ni kitu kingine.

Baada ya B.B. King, msikilize Muddy Waters, lakini si kwa nyimbo zake za umeme zilizomtangaza. Anza na albamu Folk Singer ya mwaka 1964. Waters alizaliwa Mississippi, akafanya kazi katika shamba kubwa la Stovall, na mwaka 1943 akahamia Chicago kama walivyohamia maelfu kwa maelfu ya watu weusi wa Kusini mwa Marekani waliokimbia pamba, madeni ya mashambani, na ubaguzi. Huko mjini alikuta kumbi za pombe zenye makelele ambamo gitaa kavu halikusikika, akashika la umeme, na bendi yake ikawa kielelezo cha bendi nyingi zilizofuata. Katika Folk Singer aliombwa arudie gitaa kavu, akasaidiwa na kijana Buddy Guy kwenye gitaa la pili na Willie Dixon kwenye besi. Imerekodiwa kwa usafi usio wa kawaida: unasikia pumzi zake, unasikia kidole kikiacha uzi, unasikia ukimya wa chumba kati ya mshororo na mshororo. Mtu aliyekwisha kuusikia ukimya huo ataelewa, akigeukia nyimbo za umeme za miaka ya 1950, ni kitu gani kilichokuwa kikipazwa sauti.

Mwanamuziki ninayempenda kuliko wote katika fani hii, hata hivyo, ni Mississippi John Hurt, na hapa nitakaa kidogo. Hurt alikuwa mkulima wa kijiji cha Avalon. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Okeh ilimrekodi, kwanza Memphis na baadaye New York, katika mwaka uleule ambao Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kwa kazi kama hiyo. Hatima zao hazikufanana. Santuri za Siti zilienea pwani nzima, ilhali za Hurt hazikuuzwa vya kutosha, mdororo mkubwa wa uchumi ukafuata, naye akarudi shambani na kukaa huko miaka 35 bila kurekodi tena. Alipatikana mwaka 1963 kwa sababu katika wimbo wake mmoja wa zamani alikuwa amekitaja kijiji chake kuwa ndiko nyumbani, na mpenzi mmoja wa santuri hizo akaamua kwenda kuangalia kama kijiji kipo. Kilikuwepo, na mzee alikuwepo.

Kilichonishangaza mimi si hadithi hiyo, nzuri kama ilivyo, bali mikono yake. Dole gumba linashika besi kwa zamu, uzi huu na uzi ule, bila kuchoka na bila kuharakisha, huku vidole viwili au vitatu vikipiga wimbo wenyewe juu yake, kiasi kwamba asiyeona hudhani wapigaji ni wawili. Sauti yake ni ya mtu anayeimba barazani jioni, wala hajali kama kuna anayemsikiliza. Wapo wanaosema kwamba bluzi lazima iwe ya kilio, na kwao Hurt ni mpole mno. Mimi naona wamekosea, kwa kuwa huzuni iliyosemwa kwa upole hukaa moyoni kwa muda mrefu zaidi. Tafuta kwanza albamu yake ya mwaka 1966 iitwayo Today!, halafu rudi kwenye zile za 1928. Utakuta mikono ni ileile.

Ukitaka nguvu, kuna Howlin' Wolf, mwenye sauti ya mkwaruzo isiyofanana na ya mwingine yeyote. Smokestack Lightning ya mwaka 1956 inatosha kukuambia kama unampenda au la. Kuna John Lee Hooker, ambaye mwaka 1948 huko Detroit alirekodi Boogie Chillen' akiwa peke yake na gitaa la umeme, mguu wake ukipiga sakafu badala ya ngoma. Hooker hakuhesabu mapigo kama wengine. Alibadili alipotaka kubadili.

Wanawake wasiachwe mwishoni kama nyongeza, maana katika biashara ya santuri wao ndio waliotangulia. Mamie Smith alirekodi Crazy Blues mwaka 1920, na mauzo yake ndiyo yaliyozifungua macho kampuni za santuri kwamba watu weusi walikuwa tayari kununua muziki wao. Bessie Smith akafuata mwaka 1923, akawapita wote. St. Louis Blues aliyoiimba Januari 1925 ilirekodiwa bila maikrofoni, kwa pembe tu ya kukusanyia sauti, akisindikizwa na kinanda cha upepo na koneti, yaani tarumbeta fupi, ya Louis Armstrong aliyekuwa bado kijana. Kila anaponyamaza, koneti inamalizia alichokuwa akitaka kusema. Ni rekodi yenye mkwaruzo, lakini kufikia hapo sikio lako litakuwa limeshajifunza kuupita mkwaruzo, na utashangaa namna sauti ile ilivyo kubwa kuliko chombo kilichoinasa.

Sasa ndipo Robert Johnson anapofaa. Aliacha nyimbo 29 tu, zilizorekodiwa San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Iache kando ile ngano kwamba aliuza roho kwa shetani kwenye njia panda ili apewe ufundi wa gitaa. Inamnyang'anya kijana huyo jasho lake, maana ufundi ule hupatikana kwa kukaa na gitaa usiku na mchana. Sikiliza Come On in My Kitchen, ambamo anamkaribisha mwanamke jikoni kwa sababu nje mvua inakuja. Katikati ya wimbo anaacha kuimba, anauliza kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kama upepo unasikika, na kitu kinachoteleza juu ya nyuzi za gitaa lake kinatoa mlio wa upepo huo. Aliurekodi mara mbili siku ileile, na zote mbili zinapatikana. Tafuta ile ya polepole zaidi, uisikilize usiku, kwa spika za masikioni.