Tiki isiyowekwa ina maana gani?

Mfumo wa kuandikisha wagonjwa tuliotengenezea zahanati moja ya Mbagala ulikuwa na wiki mbili tu dada wa mapokezi alipopiga simu: mgonjwa asiye na bima haandikishiki. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "Ana bima ya afya", na kila akikiacha wazi anaambiwa sehemu hiyo lazima ijazwe. Mwenyewe alishapata dawa yake: anamwekea tiki kila mtu, foleni isogee.

Kwa hiyo kwenye hifadhidata yetu Mbagala nzima ilikuwa na bima! Na tiki ya kweli haina alama ya kuitofautisha na tiki ya kusukuma foleni. Tukapekua stakabadhi, tukisema aliyelipa taslimu hana bima. Kumbe wapo wenye kadi walionunua dawa ambayo bima yao haiilipii. Baadhi ya majibu hayo hatukuyapata tena.

Wenzangu waliitupia lawama Django, zana ya kutengenezea mifumo ya wavuti tuliyoitumia, na hawakukosa hoja. BooleanField, yaani uga wa ndiyo au siyo, ya fomu ya kawaida, usipoiandikia required=False (si lazima ijazwe), haipokei kingine ila tiki. Fomu ikizalishwa kutokana na modeli, yaani maelezo ya jedwali la hifadhidata, uga wa jina hilohilo unaruhusu kuachwa wazi. Jina moja, tabia mbili. Hilo silitetei.

Ila tazama inachopokea Django. Kisanduku kisicho na tiki, brauza haikitumi kabisa kwenye seva: si kama "hapana", si kama sifuri. Kinachofika ni kimya, na kimya cha aliyejibu hapana ni kilekile cha aliyeruka swali. Ukishasema jibu ni la lazima, kitu pekee kinachothibitisha kwamba mtu amejibu ni tiki. Kwa "Nimekubali masharti" ndivyo tunavyotaka, na nyaraka za Django zinalieleza hilo waziwazi.

Tungeweka required=False tangu mwanzo, fomu ingepita na kila aliyesahauliwa kuulizwa angehesabiwa hana bima. Hapo nani angetupigia simu? Ukali ule ulituumbua wiki ya pili. Ulegevu ungetuacha na takwimu mbovu kwa miaka.

Tulikiondoa kisanduku, tukaweka machaguo mawili, Ndiyo na Hapana, bila kuchagua lolote mapema. Dada wa mapokezi hakufurahi: sasa inambidi amuulize kila mtu.